Haidrojeni chini ya siti ya Aqua, italipuka?

SWALI: Mtaalamu habari za kazi. Mi nina Toyota Aqua used ya Japani, juzi fundi kanambia betri ya haibridi imejaa haidrojeni na madini adimu, sasa wife hataki watoto wakae siti ya nyuma maana betri iko hapo chini. Kuna ukweli? Msomaji, Malindi.

JIBU: Fundi hajadanganya ila kamtisha shemeji bure. Humo hakuna mtungi wa gesi ndugu yangu. Kuna unga wa metali ambao babu yake ni kampaundi moja ya lanthani (hiyo ndo madini adimu aliyosema fundi) na nikeli, atomu 1 ya lanthani kwa 5 za nikeli, na hiyo kitu inanyonya haidrojeni kama sponji na maji, atomu zinajipenyeza katikati ya zile za metali zinatulia humo. Mpaka leo hii inanishangaza: ujazo ule ule unabeba haidrojeni nyingi kuliko haidrojeni ya maji maji iliyopozwa kwa baridi kali! Watu wa Philips kule Uholanzi waligundua mwishoni mwa miaka ya 1960, na wala hawakuwa wanatafuta betri, walikuwa kwenye sumaku za samari na kobalti wakaona zinanyonya gesi.

Shida yake ni uzito. Kilo nzima inabeba gramu 14 hivi tu, ndo maana kama tangi la gari la haidrojeni haifai, ila kwa stoo ya umeme wa sola iliyokaa chini haisogei, hapo uzito si hoja.

Shida ya pili ndo inakuhusu wewe. Ikinyonya inavimba karibu robo, ikitoa inasinyaa, nenda rudi hivyo mpaka inapasuka unga unga na kuliwa na kutu. Kwa hiyo kwenye betri hawaweki ile safi, wanachanganya seriamu, kobalti, manganizi na alumini ili ivimbe kidogo idumu.

Kulipuka basi usiwaze sana, seli zina valvu za kupunguza presha. Adui ni joto. Angalia ile grili ya feni inayopoza betri, pembeni ya siti ya nyuma, wengi wanaiziba na mabegi au imejaa vumbi na nywele, isafishe. Waya za rangi ya chungwa tu usiguse, mwachie fundi, hizo ni volti 144 na zaidi.