D ya hesabu na PCB

Umeuliza, mama, kama mwanao aliyepata D ya hesabu kidato cha nne anaweza kusoma PCB kidato cha tano. Anaweza. D hiyo inaweza kumkwamisha kwenye PCM (fizikia, kemia na hesabu), haimfungii PCB. Tahasusi, yaani mchepuo wa masomo, inatazama ufaulu wa masomo yake matatu, na ya PCB ni fizikia, kemia na baiolojia; salama ni C kwenda juu, yaani kuanzia alama 45. Kama hayo kayafaulu, ndoto ya udaktari bado ipo, maana udahili wa udaktari unatazama hayohayo matatu ya kidato cha sita. Uhandisi mwingi kwa njia hiyo ndio mgumu, kwa kuwa unataka hesabu.

Ila asidhani ameagana na hesabu! PCB wanasoma pia BAM (hisabati ya msingi ya kidato cha tano na sita), na inatungiwa mtihani wa taifa. Nafundisha hisabati hapa Tabora mjini; kila Julai nawapokea wa PCB wanaotoa macho wakiniona naandika ubaoni "kalkulasi". Likizo hii afufue aljebra na grafu.

Kuwa na C tatu si kupangiwa shule, nafasi za serikali zinagombaniwa. Na kama kwenye selform (fomu ya kuchagua tahasusi) alitanguliza PCM, abadilishe pale TAMISEMI, ofisi inayopanga wanafunzi, wakifungua dirisha la kubadili mtandaoni, asisubiri siku ya mwisho mtandao ukiwa umeelemewa.