Diklofenaki si kinga ya kiharusi
Ndugu, umeuliza kama kumeza diklofenaki, dawa ya kupunguza maumivu na uvimbe, kila siku kutakukinga na kiharusi, kwa kuwa una baridi yabisi na kipimo chako cha CRP, kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe wa ndani ya mwili, kiko juu. Hapana. Ni kweli uvimbe sugu wa ndani huharibu kuta za mishipa na kuchochea damu kuganda, lakini diklofenaki yenyewe hupandisha presha na kuongeza hatari ya kiharusi, hasa kwa dozi kubwa za muda mrefu. Hata kolchisini, dawa nyingine ya kutuliza uvimbe iliyotumainiwa sana na sisi watafiti wa dawa, haikuonyesha faida ya wazi katika majaribio ya 2024 kwa waliokwisha kupata kiharusi. Zungumza na daktari kuhusu dawa zinazotuliza ugonjwa wenyewe, kama methotreksati. Na presha, uliipima lini? Hiyo ingenisumbua zaidi kuliko CRP.