Jibu: Quest 2 inakwama nikicheza gemu za PC bila waya

Mkuu, usilipie kifurushi kikubwa cha intaneti kwanza. Umesema Quest 2, yaani miwani yako ya VR (uhalisia pepe), na kompyuta vyote viko kwenye Wi-Fi, na picha inaganda kila ukigeuza kichwa. Hapo kasi ya intaneti haihusiki. Kompyuta inaendesha gemu, inabana picha kuwa video, video inapita kwenye ruta na kufunguliwa ndani ya miwani. Yote yanaishia humo humo nyumbani.

Tatizo liko hewani. Kompyuta inatuma kwa ruta bila waya, ruta nayo inairusha tena kwenda kwenye miwani, kwa hiyo video ileile inakula nafasi mara mbili. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya wa LAN, miwani ibaki kwenye Wi-Fi ya masafa ya 5 GHz, ile ya kasi zaidi. Ruta iwe chumba unachochezea, maana 5 GHz na ukuta wa tofali havipikiki chungu kimoja. Kama Wi-Fi ya 2.4 GHz, ile ya polepole, na ya 5 GHz zina jina moja, zitenganishe. Miwani hujishikiza kwenye 2.4 bila wewe kujua.

Programu ya kurusha gemu kwenda kwenye miwani? Anza na Steam Link, ni ya bure. Virtual Desktop inalipiwa, ila mimi naipendea kitu kimoja: inakuonyesha ucheleweshaji kwa mafungu, yaani gemu, kubana, mtandao na kufungua. Namba ya mtandao ikirukaruka, shughulikia ruta. Ya gemu ikipanda, kadi ya picha imeelemewa. Weka 72 Hz (picha 72 kwa sekunde) na bitireti, yaani kiasi cha data ya video kwa sekunde, ya Mbps 100 kwanza, kisha panda taratibu.