Marejesho miezi 3, kuku hajataga bado

SWALI: Anti shikamoo. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa tumemaliza mafunzo ya mambo ya hela, tumefundishwa bajeti, faida na hasara, kuandika daftari, sasa nimepata moto kweli nataka nikope nianze na vifaranga 100 wa kuku wa mayai. Marejesho ni ndani ya miezi 3. Mume wangu anasema nisubiri. Nikope?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana kwa kumaliza. Ila kwa vifaranga, usikope.

Hebu chukua kalenda tuhesabu. Kifaranga wa mayai anaanza kutaga akiwa na wiki 18 mpaka 20 hivi, na miezi 3 ni wiki 13 tu, yaani siku ya rejesho la mwisho kuku wako 100 hawajatoa hata yai moja, wanakula tu, na chakula ndo kinakula zaidi ya nusu ya gharama zote za ufugaji, sasa utalipa na nini? Utaanza kukopa kwa jirani ili ulipe kikundi, na ile hela ya kwenye sanduku ni hisa za wenzako, walijinyima wakaiweka. (Vikundi vya namna hii, shirika la misaada la CARE walianza navyo nchini Niger mwaka 1991 na wanawake wa vijijini, na mtaji ulikuwa akiba yao wenyewe.)

Ukitaka mkopo uende na miezi 3, nunua mitetea wachache waliokaribia kutaga, hata 10, au lima kwanza mboga za majani zinazovunwa ndani ya wiki chache. Vifaranga waje baadae kwa faida yako mwenyewe.

Na daftari, tafadhali, usiandike mauzo peke yake. Watoto wakila mayai 4 asubuhi andika 4 na bei yake, maana wengi wanasema kuku hawalipi kumbe faida imeliwa mezani na hakuna aliyeiandika. Hela ya mayai nayo ikae kopo lake, isichanganyike na ya chumvi na sabuni.

Leo jioni kaa na mumeo na hiyo kalenda mhesabu wiki pamoja. Nadhani hakukatai biashara, ameona tu tarehe haziingiani.