Masomo ya mwezi mzima yaache kwanza

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata. Umefika salama huko ugenini, chumba kina mwanga, na shule inakungoja wiki ijayo uanze kufundisha Kiingereza. Halafu ukaniuliza: "Mama, hizi siku za katikati nizitumieje? Nijifungie niandae masomo ya mwezi mzima, au nizurure niujue mji? Naogopa kusimama mbele ya wanafunzi nikaonekana sijui."

Masomo ya mwezi mzima usiyaandae. Utakuwa unawaandalia watu ambao hujawaona. Shule imekwambia darasa lako ni la kiwango cha A2, na kwenye karatasi maana yake inaeleweka: mtu anayeweza kujieleza kwa sentensi fupi kuhusu familia yake, kazi yake na manunuzi. Viwango hivyo sita vya kupima ujuzi wa lugha, kuanzia A1 cha anayeanza hadi C2 cha aliyebobea, vilichapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, na vinasaidia. Lakini mimi niliyekula chaki miaka yote hii sijapata kuona darasa la A2 ambalo wote wamo A2. Utamkuta aliyekariri sarufi yote wala hajawahi kufungua kinywa, na pembeni yake kakaa anayeongea bila breki kwa Kiingereza cha nyimbo, ila ukimpa kalamu anaangalia dari. Andaa vipindi viwili vya mwanzo, uviandae vizuri. Cha tatu kitatokana na utakachokiona humo.

Kabla ya chochote maliza makaratasi. Kila nchi ina sheria yake ya kusajili makazi ya mgeni, na muda wake hauanzi siku unayoanza kazi, unaanza umeingia. China hutaka ndani ya saa 24, Japani ndani ya siku 14 tangu upate pa kuishi. Ulizia huko uliko wanasemaje, uende mwenyewe, urudi na karatasi mkononi. Pasipo anwani iliyosajiliwa, benki nayo inaweza kukuzungusha, na pasipo akaunti sijui mshahara utaingia wapi. Hesabu pesa zako kana kwamba mshahara wa kwanza utachelewa.

Usingizi nao usikutie hofu. Umeruka kuelekea mashariki, na huko ndiko mwili hutaabika zaidi, kwa sababu saa yake ya ndani hukubali kurefusha siku kuliko kuifupisha. Kadiria siku moja hivi kwa kila saa ya tofauti. Toka nje kukiwa na mwanga, mchana usilale kwa muda mrefu, basi.

Shuleni nenda mapema, kabla hujaitwa. Oktoba 1904 James Joyce, yule aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri wa Ireland, akiwa kijana wa miaka 22, aliondoka Dublin na mwenzake Nora Barnacle kwenda Zürich, kwa kuwa wakala alimwahidi kazi ya kufundisha Kiingereza huko. Alipofika, nafasi hiyo haikuwepo. Akasukumwa hadi Trieste, nako hakuna. Mwishowe akaipata Pola, mji wa bandari uliokuwa chini ya Austria-Hungary, akawa anawafundisha maafisa wa jeshi la majini. Wewe mkataba unao, sikutishi. Ila ni afadhali ujue leo kwamba darasa lako limehamishiwa jioni kuliko kuambiwa Jumatatu asubuhi. Na ukishafika hapo omba kukaa nyuma ya darasa la mwenzako kipindi kimoja. Tazama wanamwitaje mwalimu, wanauliza maswali au wananyamaza, na ukimya wao ni wa heshima au wa kutoelewa. Hayo hakuna kitabu kitakachokupa.

Sasa siku zinazobaki. Usizurure kama mtalii, wala usijifungie kama mtahiniwa. Kaa upande wa anayefundishwa. Jifunze lugha yao, kidogo tu: salamu, namba, "hii inaitwaje", "polepole tafadhali". Kisha itumie kwa watu ambao hawana sababu ya kukuonea huruma.

Jaribu hili. Tunga swali moja la kuulizia njia, ulifanyie mazoezi chumbani hadi ulimi ulainike, utoke ukaulize. Swali utalitamka vizuri. Tatizo ni jibu. Mtu ataona umeuliza sawasawa, atadhani unaijua lugha, atakumiminia maneno kwa kasi yake ya kila siku. Wewe utatikisa kichwa, utatabasamu, utasema asante, utaondoka hujaambulia hata kushoto. Ukishaipata hali hiyo utajua mambo mawili ambayo wengine huyajua baada ya kufundisha miaka. La kwanza, kumfundisha mtu kuuliza bila kumfundisha kusikia jibu ni kumwacha nusu ya njia. La pili, ukiwauliza wanafunzi "mmeelewa?" watatikisa vichwa vilevile ulivyotikisa wewe. Kwa hiyo usiwaulize. Wape cha kufanya: mchoreni huyo mtu, pangeni hizi picha, mwambie mwenzako nilichosema. Mikono haijui kudanganya kwa adabu.

Na wakati unahangaika na lugha yao, sikiliza sauti zake, maana ndizo zitakazoingia kwenye Kiingereza chao. Mimi wageni niliowafundisha Kiswahili niliweza kuwatambua nikiwa nimefumba macho. Mjapani akisema amekwenda kupiga kura, hujui kama ni kura au amekwenda kula. Mwarabu paka wake alikuwa "baka". Mhispania, badala ya skuli, alikuwa anakwenda "eskuli". Waingereza, waliojiona wamemaliza, wote waliangukia kwenye ng'ombe, kwa sababu sauti ile wanayo mwishoni mwa maneno yao lakini hawaianzi nayo. Hakuna aliyekuwa mzembe. Kila mmoja alikuwa anatumia alichonacho. Mwalimu anayelijua hilo hamkaripii mtu, humwonyesha ulimi unakaa wapi.

Hapo ndipo nataka nikujibu lile la kuogopa kuonekana hujui. Nadhani ulichoogopa hasa ni kwamba hukuzaliwa na Kiingereza, na lafudhi yako itasikika. Itasikika, ndiyo. Watumiaji wengi wa Kiingereza duniani leo walijifunza kama wewe, na hao wanafunzi wako kesho watazungumza nao zaidi kuliko watakavyozungumza na Waingereza. Aliyezaliwa na lugha mara nyingi hawezi kukwambia kwa nini anasema hivi na si vile, anakwambia tu "ndivyo tunavyosema". Wewe unakumbuka wapi ilikuuma. Atatokea wa kukuuliza umetoka wapi kwa sauti ya kukupima. Mjibu ulikotoka, uendelee na kipindi. Ukiulizwa kanuni usiyoikumbuka, sema utaileta kesho, na kesho uilete kweli, kwa sababu watakuwa wanangoja waone.

Mkataba ulionitumia nimeusoma mara mbili. Kifungu cha bima ya afya sijakipenda: kinasema utakatiwa "baada ya kuthibitishwa kazini", na hakisemi utathibitishwa lini. Ukienda shuleni muulize mkuu wako kwa heshima, halafu uombe jibu kwa maandishi. Baba yako anauliza kama umepata mto mzuri wa kulalia. Mjibu yeye hilo la mto, mimi nijibu la bima, kabla ya Jumatatu.

Mama yako