Kipimo cha Damu na Moyo wa Mama

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu, mwenye miaka 68, ana ugonjwa wa moyo kushindwa kusukuma damu vizuri. Kipimo chake cha NT-proBNP kilikuwa 2,400, na baada ya miezi mitatu ya dawa kimeshuka hadi 1,300. Je, anapona?

JIBU: Marahaba. Hiyo ni habari njema, ingawa bado si kupona. NT-proBNP ni protini ambayo huongezeka katika damu pale misuli ya moyo inapoelemewa na kutanuka, na inaposhuka kwa zaidi ya asilimia 30 baada ya matibabu, kama ilivyo kwa mama yako, hatari ya kulazwa au kufariki kwa kawaida huwa imepungua. Hata hivyo, namba hii haisomwi peke yake, kwa kuwa figo dhaifu na umri mkubwa huipandisha, na unene huishusha. Ningependa sana apande mizani kila asubuhi kabla ya chai: akiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, au soksi zikimwachia alama nzito miguuni, huenda maji yanajaa mwilini, hivyo mpelekeni kliniki siku hiyo hiyo. Dawa asiziache, hata akijisikia mzima kabisa.