Kuhusu mseto uliomeza kabla hujajua una mimba

Mwanangu,

Umeniuliza kama vidonge 24 vya mseto, dawa ya malaria, ulivyomaliza siku chache kabla ya kipimo kuonyesha una mimba vinaweza kumletea mtoto ulemavu, kwa kuwa wifi yako amekuambia dawa hiyo ni mwiko katika miezi mitatu ya kwanza. Wifi yako hakulitunga jambo hilo. Mimi mwenyewe, katika miaka yangu ya ukunga, wajawazito wa miezi hiyo niliwapa kwinini, kwa sababu katika wanyama wa maabara artemisinini, kiambata kimojawapo cha mseto, ilikuwa imeua mimba changa, na hakuna aliyethubutu kuijaribu kwa wanawake.

Lakini wapo wengi waliomeza bila kujua hali zao, kama wewe, na watafiti wakawafuatilia. Katika uchambuzi uliotolewa mwaka 2022, mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa mfu au kuwa na kasoro kubwa ya maumbile kulitokea kwa asilimia 5.7 ya waliotibiwa kwa dawa zenye artemisinini katika miezi hiyo, na kwa asilimia 8.9 ya waliopewa dawa nyingine, hasa kwinini. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likapendekeza mseto wa artemeta na lumefantrini tangu mwanzo wa mimba. Malaria isiyotibiwa ndiyo ningeiogopa.

Hayo ni ya mseto huo tu, si ya kila dawa ya malaria. Mfereji wa uti wa mgongo wa mtoto hufunga kufikia siku ya 28 tangu mimba kutungwa, wakati mama pengine ndiyo kwanza anashangaa kuchelewa siku zake, nao unahitaji foliki asidi, ambayo ni vitamini. Fansidar, vidonge wapewavyo wajawazito kuwakinga na malaria, hufanya kazi kwa kuizuia foliki, ndiyo maana kliniki hawaitoi kabla ya wiki ya 13. Wala usijinunulie foliki ya miligramu 5 pasipo daktari kuiandika, kwani dozi kubwa hivyo huipunguza nguvu Fansidar. Ya miligramu 0.4 yatosha, nawe uianze sasa.

Kilichonikera ni muuza dawa aliyekupa mseto bila kukupima damu wala kukuuliza siku zako.

Nenda kliniki wiki hii na pakiti ya mseto huo. Nami niandikie tarehe mbili, ya kuanza hedhi yako ya mwisho na ya kidonge cha kwanza, nihesabu mimba ilikuwa na siku ngapi.

Mama yako